Damu Isiyoshikana

Zulekhabai alizikwa juzi baada ya swala ya alasiri. Wanaume waliondoka na jeneza kuelekea makaburini, na mimi nikabaki ghorofani na wanawake, katika chumba cha mbele ambacho sikuwa nimekikanyaga tangu ujana wangu. Aliyenipigia simu ni mpwa wake, mwanamke nisiyemjua hata kwa sura. Aliniambia kwamba mgonjwa, siku zake za mwisho, alikuwa akiita "Mghoi, Mghoi," na watu wa nyumbani wakaulizana Mghoi ni nani, mpaka mzee mmoja wa mtaani akakumbuka kwamba ni yule Mtaita wa maabara. "Mulikuwa marafiki?" akaniuliza. Nikamwambia nilipanga kwake mwaka mmoja. "Mmoja tu?" "Mmoja tu, mwanangu." Nilivaa gauni refu, nikajitanda mtandio, nikapanda zile ngazi za mbao huku nimeshika ukuta, maana magoti yangu hayaniruhusu tena kujidai. Nikapewa nafasi mkekani. Kahawa ikapita, wakasoma, na mimi nisiyejua wanachosoma nikainamisha kichwa nikamkumbuka bintiye, Nasim. Katika chumba kizima, chenye wanawake wa kila umri, sidhani walikuwemo wawili waliowahi kuisikia sauti yake.

Nimefanya kazi ya damu maisha yangu yote, na sasa nimestaafu. Wanafunzi niliowafundisha walikuwa wakiniuliza kwa nini nilishika damu na si kitu kingine, nami nikiwajibu kwamba nilipangiwa. Ni kweli, nilipangiwa. Lakini mtu hupangiwa kazi akaifanya mwaka, miwili, akahama. Kukaa nayo hadi uzeeni ni jambo jingine, na kwangu sababu yake ni ule mwaka niliolala chini ya paa la Zulekhabai. Sijawahi kuusimulia wote. Nimetafuta faraja ndani yake kwa muda mrefu, nikidhani kwamba nikiugeuza huku na huku nitaiona mahali, kama mtu anayepekua mifuko ya nguo za zamani. Sijaiona. Nausimulia kwa sababu mama naye ameondoka, na nisiposema mimi, Nasim atakuwa hakuwahi kuwepo.

Nilikuwa nimetoka chuoni, nimeandikwa kazi katika maabara ya hospitali, sina pa kulala. Karani mmoja pale kazini akanielekeza Mji wa Kale, kwa mjane wa Kihindi, Mwislamu, aliyekuwa na chumba kitupu juu kabisa chini ya mabati. Zulekhabai alinipokea mlangoni, mwanamke mfupi mnene anayenukia iliki, akanitazama kuanzia viatu. "Wala nguruwe?" "Sili, mama." "Wanywa pombe?" "La." "Una wageni wanaume?" "Sina." "Basi viatu waviacha chini, na maji wapanda nayo mwenyewe." Yakaisha hapo. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba na dirisha moja, na jua la mchana lilikigeuza tanuri, kwa hiyo jioni nilikuwa nikishuka kukaa nao, na kwa kukaa nao nikawa nala nao. Siku za mwanzo nilikula kwa haya. Baadaye nikichelewa nilikuwa nikiitwa kwa ukali kama mtoto wa nyumbani. Tulikaa chini tukala sinia moja, wali wa dengu na achari ya ndimu, samaki siku za neema, biriani Ijumaa. Asubuhi tulichovya mahamri ya jana katika chai ya maziwa. Nilijifunza kusema sabalkheri kabla ya lolote jingine, maana Zulekhabai hakuwa akijibu swali la mtu ambaye hajamwamkia.

Nasim alikuwa rika langu, mwembamba, mwenye kicheko cha puani alichokizuia kwa kiganja. Kazi yake ilikuwa kuwapaka maharusi hina na piko, ile rangi nyeusi. Waliletwa kwake kutoka kila upande wa kisiwa, wakalazwa kwenye godoro la chumba cha mbele miguu imenyooshwa, naye akainama juu yao saa nzima bila kuinua kichwa, akiwachora maua na majani mpaka juu ya vifundo. Mimi nilikaa kando nikitazama. Aliwauliza maharusi maswali ambayo watu wazima hawaulizi, kama wanaogopa, kama wamewahi kumwona huyo mume akiwa amekasirika, nao wakamjibu, kwa sababu mtu aliyeishikilia miguu yako ni vigumu kumficha kitu. Yeye mwenyewe alivaa mikono mirefu hata siku za joto kali. Siku moja alipokunja nguo akamue kitambaa nikaona mkono wake, kuanzia kiwiko kwenda juu, umejaa mabaka ya zambarau na ya kijani, kama wa mtu aliyepigwa. Nikamtazama mama yake kwa jicho baya. Ilinichukua muda kuelewa kwamba hakuna aliyempiga. Nyumba ile haikuwa na kisu mahali ambapo Nasim angekifikia. Pembe za meza zilifungwa matambara. Meno aliyasafisha kwa kitambaa na chumvi, kwa kidole, polepole. Nilikuwa nayaona haya yote kila siku, mimi msomi wa maabara, nikidhani ni desturi zao tu.

Na ajabu ni kwamba kazini nilikuwa nimepelekwa kwa Daktari Mutiso. Alikuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo na mashine moja kuukuu, aliyopewa huko badala ya kutupwa, akatengewa chumba nyuma ya maabara, karibu na chumba cha madobi wa hospitali, kiasi kwamba kutwa tulinusa sabuni na mvuke. Alikuwa mtu mpole, Mkamba, mwenye shati lililochanika mfukoni kwa kalamu. Utafiti wake ulikuwa juu ya chembe sahani, zile chembe ndogo kuliko zote ndani ya damu. Ukijikata, alinieleza, hizo ndizo zinazofika kwanza pale mshipa ulipotoboka. Zinanata kwenye kidonda, kisha zinashikana zenyewe kwa zenyewe, moja kwa nyingine, mpaka zinaziba tundu, na donge la damu linajengwa juu yake. Wapo watu wanaovuja damu kwa kuwa wana chembe hizo chache, na hao wanajulikana. Yeye aliwatafuta wengine, wale ambao ukizihesabu chembe zao unakuta zipo za kutosha, na bado damu haikomi. "Zipo, lakini haziitani," alisema. "Nataka kujua ni nini kimekosekana." Alisema kwamba watu hao ni adimu sana, na kwamba anaweza kumaliza miaka yote bila kumpata hata mmoja.

Jioni hiyo, kwenye sinia, nikawasimulia nilichojifunza. Zulekhabai akacheka mpaka akakohoa. "Sahani? Ndani ya damu muna sahani? Na vijiko je?" Nasim naye akacheka, kiganja mdomoni. Lakini nilipokuwa napanda kulala alinifuata hadi nusu ya ngazi, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na hizo sahani zisiposhikana, mtu huwa vipi?" Nikamwambia huvuja damu kwa jambo dogo, hupata mabaka mwilini. Akaitikia kwa kichwa, akavuta mikono ya gauni lake hadi vidoleni, akashuka.

Baada ya hapo masikio yangu yalifunguka. Sakafu zilikuwa za mbao, na kila kilichosemwa chini kilinifikia juu. Jumamosi moja alasiri alikuja Kulsum, wifi yake Zulekhabai, na nilikuwa nimelala nikawasikia wanazungumza habari ya posa. Mwanamume aliitwa Yusuf, karani wa bohari kule Mbaraki, mtu wa watu wazuri. Kulsum alikuwa akimhimiza mwenzake akubali upesi. "Na ile habari nyingine usimwambie mtu," alisema. "Tuna wasichana wengine ukooni, Zulekha. Likitoka neno hapa, yupi ataposwa tena?" Zulekhabai akasema kwamba anaogopa. Mwezi uliopita Nasim alipoingia hedhini walifua mashuka mpaka mikono ikachubuka. "Ni damu nyepesi tu," Kulsum akamjibu. "Akishazaa itakuwa nzito. Mama yangu mimi alikuwa vivyo hivyo." Kisha nikasikia vikombe, na Zulekhabai akiuliza, kama mtu asiyetaka jibu, "Si mama yako ndiye aliyekufa uzazini?"

Jino ndilo lililovunja ule ukimya. Lilimwuma Nasim kwa siku kadhaa, shavu likavimba, na fundi wa meno wa mtaa wa pili, ambaye hakuambiwa lolote, akaling'oa asubuhi. Niliporudi kutoka kazini jioni nikawakuta jikoni, Nasim ameinama juu ya beseni, midomo myekundu, mama yake anamkandamizia pamba, na kando yao sahani ya kombe, zile aya zilizoandikwa kwa zafarani na kuoshwa kwa maji ya waridi ili anywe. Alikuwa ameshakunywa. Beseni lilikuwa linaelekea kujaa. Nikasema, "Mama, twendeni hospitali sasa hivi." Akasema, "Tutaonekana." Nikasema, "Na tuonekane." Nasim ndiye aliyesimama, akachukua buibui lake, hakumtazama yeyote kati yetu.

Daktari Mutiso alikuwa bado yupo. Alimfungia kidonda kwa kitambaa chenye dawa, akatoa damu kidogo mkononi, na pale palipochomwa sindano ilibidi nipakandamize kwa muda mrefu mno. Mimi mwenyewe nikazihesabu chembe sahani zake kwenye darubini. Zilikuwa za kutosha kabisa. Kesho yake asubuhi nikayatenga maji ya damu yake kwa mashine ya kuzungusha, nikayaweka kwenye kichupa kando ya kichupa cha damu yangu, tukatia katika vyote viwili ile kemikali inayozichochea chembe zishikane. Maji ya damu yangu yalikuwa na ukungu, kisha ukungu ukakatika, vikaonekana vijidonge vikizunguka, maji yakang'aa. Kichupa cha Nasim kilibaki na ukungu wake. Tukasubiri. Tukarudia. Ukungu haukukatika. Daktari Mutiso alikaa kwenye stuli, akatoa miwani, na nikaona machozi, na nilijua kwamba ni ya furaha, kwa maana alikuwa amempata mtu wake. Kisha nikaona furaha ile inamtoka usoni alipokumbuka ni nani. "Yule ni dada yako wa nyumbani, si ndiyo?" akaniuliza. Nikamwambia ndiyo.

Jino lilikuwa bado linavuja. Dawa pekee iliyokuwepo ni kumpa chembe za mtu mwingine, zinazojua kushikana, na chembe hizo hazikai siku nyingi nje ya mwili. Haziwekwi kwenye barafu, hutikiswa polepole zisilale. Hapakuwa na akiba. Kundi la damu yangu lilipatana na lake, nikalala kwenye kitanda nikatoa. Tulipozitenga zilikuwa mfuko mdogo wa manjano, kama samli iliyoyeyuka. Tukachanganya na za wauguzi wawili, zikamwingia Nasim mchana ule, na kabla ya alasiri damu ikakoma. Nakumbuka alivyotema mate kwenye bakuli yakatoka meupe, akanionyesha kama mtoto anayeonyesha kitu alichokiokota. "Sasa mimi Mtaita," akasema. Zulekhabai alinishika kichwa kwa mikono yote miwili akanibusu kwenye paji. Sidhani katika maisha yangu nimewahi kufurahi kama nilivyofurahi siku ile. Daktari Mutiso hakuwa amefurahi kiasi hicho, na nje ya wodi aliniambia sababu. Chembe zangu zilikuwa na kitu juu yake, kama mkono wa kushikia mwenzake, ambacho za Nasim hazikuwahi kuwa nacho tangu azaliwe. Mwili wake ulikuwa umekiona leo mara ya kwanza. Huenda ukakikubali. Huenda ukadhani ni adui, ukajifunza kukipiga vita, na mara ya pili ukakisubiri mlangoni. "Ningefanyaje?" aliniuliza. "Angekufa kwa jino."

Ilibidi mama aelezwe. Daktari alikuja nyumbani mwenyewe, akaacha viatu chini kama wengine, akaletewa chai na bajia ambazo hakuzigusa. Alisema kwa Kiswahili chake cha bara, taratibu, kwamba ugonjwa huu si wa jini wala wa hasadi, ni wa kurithi, na kwamba hauji kwa mzazi mmoja. Lazima baba awe ameubeba na mama pia, wote wawili wakiwa wazima, bila kujijua. Aliuliza kama mama na mzee marehemu walikuwa na udugu. Zulekhabai alikuwa anakunja ncha ya mtandio wake. "Mtoto wa ami yangu," akasema. "Kwa hivyo ni mimi." Daktari akasema si kosa la mtu, mama, hakuna aliyejua. "Nimesikia. Si kosa. Lakini ni mimi." Kisha akanyanyuka akaenda jikoni, tukasikia anaosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Miaka mingi alikuwa amesumbuliwa na shaka kwamba bintiye amerogwa, na ile shaka, nilikuja kuelewa, ilikuwa na huruma yake: ilimwachia adui wa nje wa kumchukia. Sisi tulimwondolea adui huyo na hatukumpa kitu mahali pake. Daktari alimalizia kwa sauti ndogo: vidonge vya kuzuia hedhi, kuepuka vidonda, na asibebe mimba kamwe.

Nasim alikataa kumficha Yusuf. Kulsum alipiga kelele siku nzima, akaapa hatakanyaga tena nyumba hii, na kwa muda mrefu hakuikanyaga, wala wengi wa upande wake. Yusuf alikuja Jumapili amebeba halua, akakaa kwenye ukingo wa kiti, na Nasim akamweleza mbele yetu sote, mama yake akiwa ameufunika uso. Alimwambia yote, hata ya watoto. Alikunja mkono wa gauni akamwonyesha mabaka. Yusuf alitazama kwa muda, kijana mwenye masikio makubwa na haya nyingi, akasema, "Mimi nadhani nimeposa Nasim. Sikuposa watoto." Mama yake Yusuf alikubali kwa shingo upande, na arusi ikapangwa baada ya Idi. Miezi ile iliyofuata nyumba ilikuwa na sauti nyingine. Zulekhabai alianza kushona mito. Nasim alikuwa akija maabara mara kwa mara kutoa damu ya utafiti, akikaa kwenye stuli na kutuuliza kila kichupa ni cha nini, na Daktari Mutiso akimjibu kwa heshima kama anavyomjibu daktari mwenzake. "Mukijua kilichokosekana," alimwuliza siku moja, "mwaweza kukitia?" Daktari akasema bado. "Lakini mwatafuta." Akasema ndiyo, twatafuta.

Vidonge vilimtapisha. Daktari akambadilishia vingine, vikamfaa muda, kisha mwezi wa Ramadhani ukiwa unaishia havikufua dafu. Alianza kuvuja asubuhi, na tofauti na zamani hakuficha, aliniita mwenyewe kutoka chini ya ngazi, kwa utulivu, "Mghoi, leo si ya kawaida." Tulimfikisha hospitali buibui limelowa. Daktari Mutiso alinitazama tu, na mimi nikalala kwenye kitanda nikakunja mkono. Yusuf alikuja kutoka Mbaraki na vumbi la bohari kwenye nywele, akatoa na yeye. Mfuko wa manjano ukatundikwa, matone yakashuka, na sisi tukasimama pale kama watu wanaosubiri mlango ufunguliwe. Nilichukua damu yake baadaye kidogo nikaenda nayo maabara, nikayatenga maji yake kichupani, nikatia ile kemikali, nikangoja vijidonge. Ukungu ulibaki vile vile. Chembe zangu hazikuwemo. Zilikuwa zimeingia, na mwili wake ulikuwa umeziua, kwa uaminifu wote, kama mlinzi aliyefunzwa vizuri. Tukampa nyingine, za watu wengine. Nazo vile vile. Kitu pekee ambacho kingemwokoa ndicho mwili wake ulichokichukia kuliko vyote.

Tulimpa damu nzima ili moyo uendelee, na damu iliingia kwa juu ikatoka kwa chini. Siku ya pili asubuhi alikuwa mweupe midomoni, lakini anaongea. Alimwomba Yusuf aende akapumzike, kwa sababu alikuwa amefunga na hakula daku. Aliniuliza kama inaniuma wanapotoa, nikasema haiumi. Zulekhabai alikuwa ameushika mguu wa bintiye kupitia shuka, na alipoona Daktari anarudi mikono mitupu akamwendea. "Mpe ya Mghoi," akamwambia. "Daktari, ya Mghoi ilikubali. Zile za watu wengine ndizo mbaya. Mpe ya Mghoi." Ikabidi niseme mimi. "Mama, ni hiyo hiyo ya Mghoi. Ndiyo ya kwanza tuliyompa." Alinigeukia, na sijui niite nini kile nilichokiona usoni mwake, hakikuwa hasira. Nasim alikata roho adhuhuri, madirisha yako wazi, na chini madobi wanagonga mashuka.

Alizikwa siku hiyo hiyo. Wanawake walijaa nyumbani, hata Kulsum alikuja, akalia kwa sauti kuliko wote, na nikamsikia akimwambia jirani kwamba ni homa, homa ya ghafla. Zulekhabai alisikia pia. Baada ya arobaini aliwaita dada zake na wakwe, akawaambia jina la ugonjwa, akawaambia wawalete wasichana wao wapimwe kabla ya kuolewa, maabara ipo, daktari yupo, Mghoi atawapokea. Walimsikiliza kwa adabu, wakanywa chai. Nilisubiri kazini wiki hadi wiki na hakuja hata mmoja. Yusuf alihama mji, nikasikia alioa Tanga, na namwombea heri. Daktari Mutiso aliandika utafiti wake, ukasomwa mbele ya madaktari wenzake nikiwa nimekaa nyuma ya ukumbi. Katika mchoro wa jinsi damu inavyoshikana, Nasim alikuwa mstari mmoja ulionyooka ubaoni, bila kupanda wala kushuka, na chini yake yameandikwa maneno "mgonjwa wa kike." Mtu akauliza mgonjwa anaendeleaje. Daktari alisimama pale akishika chaki kwa muda mrefu, mpaka mwenyekiti akaona haya akamwita msomaji mwingine.

Niliendelea kukaa kwa Zulekhabai. Tulikula sinia lile lile, sisi wawili, tukisogezeana vipande vya samaki ambavyo hakuna aliyevitaka. Nilidhani namfariji. Kisha asubuhi moja, tukiwa kwenye chai, akaniambia bila kuinua macho, "Mghoi, nataka uhame." Nikadhani sikusikia vizuri. "Si kwa ubaya, mwanangu. Wewe ni mtoto wangu, wallahi. Lakini nikikusikia wapanda ngazi watoka kazini, moyo wadhani waja na habari. Kila siku. Wadhani mumeona kitu huko, waja kuniambia. Nami ni mzee, sitaweza kila siku." Nilimwambia nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa, na bado nilikaa pale na kikombe mkononi mpaka chai ikaganda utando. Alinisaidia kufunga mizigo. Aliubeba mwenyewe sanduku langu kwenye ngazi, akakataa kunipa, akaliweka mlangoni kando ya viatu, akanishika kichwa, safari hii hakubusu. Nikapata chumba Mbaraki, na siku ya pili nikaenda kazini, nikakuta vichupa vinanisubiri.

Kisiwa ni kidogo, lakini watu wawili wakitaka kutoonana hawaonani. Tulikutana mara moja tu, miaka mingi baadaye, sokoni Marikiti, mimi nikiwa tayari na mvi. Alikuwa amekonda, amemshika mkono mtumishi. Tuliamkiana kwa ukamilifu, yeye akiniuliza habari za kazi na za afya, mimi za nyumbani, za jamaa, kila kitu kwa mpango wake, na wapagazi wakitupigia kelele tuwapishe njia. Tulipomaliza hakuondoka.

"Ile kazi yenu," akasema. "Dawa mumeipata?"

Nikamwambia kuna kitu kimegunduliwa ng'ambo, huwasaidia baadhi yao wakiwa wanavuja, ni ghali mno na huku hakijafika. Dawa ya kuwaponya, bado.

"Bado," akasema. "Na mwatafuta?"

"Twatafuta, mama."

Alinitazama kwa macho yaliyoanza kuingia ukungu wa uzee. "Haya," akasema. "Tafuteni." Akamvuta mtumishi mkono, wakaingia kati ya magunia ya viazi na vitunguu, na mimi nikasimama pale pale na fungu la mchicha mkononi mpaka mwenye meza akaniuliza kama nanunua au nimeamua kuacha.